Kalibu za Namba Arobaini na Tatu

Tarehe 4, mwezi wa pili

Nukta,

Mimi mzima. Mama yako mzima, jana nilimpelekea vipande vya mbao vya kuwashia moto akasema nimekonda. Cherehani yako nimeifunika gunia ili vumbi la mbao zangu lisiiingie. Kwenye kiti chako alikaa yule msichana mpya wa kubandika lebo, nikamwambia kina mguu mbovu. Hakina. Alihama.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Siku ile ulipopiga tulisikilizana tunavyohema mpaka salio likaisha. Dereva alikuwa pembeni, akasema ungepigia ukuta ungekujibu. Kwa hiyo barua nitampa yeye huyo huyo, kila baada ya wiki mbili lori likivuka mpaka na maboksi ya viatu, na wewe umpe zako akirudi. Hii nimeifunga kwa gundi ya soli. Akijaribu kuifungua itamshika vidole. Shule niliishia darasa la nne, unajua, ukikuta neno limepinda lisome hivyo hivyo lilivyopinda.

Huku tangu mkataba wa biashara uanze kazi, viatu vya hao jamaa wa ng'ambo vimejaa. Vimening'inizwa mpaka kwenye mlango wa duka la dawa. Mjomba anasema wiki nzima hajashona hata kamba ya kandambili, maana siku hizi kiatu cha mtu kikichanika anakitupa ananunua kingine. Mjomba ndiye aliyenifundisha kushika patasi. Sipendi kumwona amekaa mikono mapajani, anaangalia miguu ya watu inavyopita.

Bosi yeye anacheka tu. Anasema na vyetu vinavuka bila ushuru, na karakana iliyokuwa inafungwa siku mbili kila wiki sasa haifungwi. Ni kweli haifungwi. Ila mimi naona jambo moja tu. Vimeingia viatu, umetoka wewe.

Bosi alisema miezi minne, uwafundishe mshono wetu wa mkono na wewe ujifunze mashine yao ya soli. Haya. Hakuniambia kwamba anayefundisha hiyo mashine ni mwanamume. Hilo nimeambiwa na Dereva, tena sikumuuliza.

Ni wa namna gani?

Wako tuliyeahidiana,
Kimya


Tarehe 18, mwezi wa pili

Kimya wangu,

Gundi yako ilimshika Dereva kidole cha shahada. Amenikabidhi barua huku ananuna, anasema ilifunguka yenyewe.

Chumbani tunalala wanne, dirisha linaangalia yadi ya malori, kwa hiyo likiingia la kwetu nalijua kwa mlio kabla sijaliona. Karakana yao ni ndefu, taa nyeupe tupu, ukidondosha sindano unaiona ilipo. Siku ya kwanza niliposhona, walisimama nyuma yangu kama watu wanaotazama ajali. Mishono yangu midogo waliihesabu. Sasa na wao wananiita Nukta, sijui nani aliwaambia.

Umeuliza msimamizi ni wa namna gani. Ni mrefu, mlangoni lazima ainame, wanamwita Ngazi. Ana subira. Mashine ya soli amenifundisha siku tatu na hakunifokea hata mara moja, ingawa niliichoma soli moja ikanuka karakana nzima.

Benchi moja nakaa na mama wa makamo, Mama Mkasi. Mume wake alikuwa askari wa mpakani enzi mpaka umefungwa. Anasema miaka yote ile aliamini sisi wa upande wa pili tunalala na visu chini ya mito. Sasa tunakula sahani moja, ananiuliza kisu changu nimekiacha wapi. Wiki iliyopita redioni wakubwa wa pande zote mbili walirushiana maneno kuhusu maji ya mto. Anasema zamani maneno kama hayo yakitoka tu, watu walikimbilia kununua chumvi na mishumaa wajifungie. Safari hii wenye viwanda wa huku na wa huko walipiga simu siku ile ile, jamani tulieni, mizigo yetu iko barabarani. Wakatulia. Mimi siasa sijui, ila nimeona kwa macho yangu, watu wanaouziana wanaona hasara kugombana.

Kuhusu Mjomba umesema kweli. Mkataba huu Bosi umemwongezea siku, Mjomba umemnyang'anya. Nikiwa nashona nalifikiria hilo.

Kula, usikonde.

Nukta


Tarehe 4, mwezi wa tatu

Nukta,

Barua yako nimeisoma mara nne. Neno "mrefu" liko mara moja, "subira" mara moja, "wangu" mara moja. Hilo la tatu ndilo nimelishika, lakini yale mawili yanalivuta.

Bosi amebandika karatasi za mkataba ukutani, karibu na ndoo ya maji, ili kila anayekunywa asome. Nilisoma polepole siku mbili, mpaka Bosi akauliza kwani nina homa, nakunywa maji hivyo. Kuna sehemu inaitwa ya upendeleo. Imeandikwa pande mbili zitapeana upendeleo. Sasa naomba kuuliza, nani huko anapendelewa, na anapewa nini ambacho mwingine hapewi?

Dereva anasema mvua ikinyesha Ngazi anakushikia mwavuli kutoka karakana mpaka mlango wa bweni. Nikamjibu kwamba mtu mrefu akishika mwavuli, mfupi ndiye anayelowa. Akacheka sana. Mimi sikuwa natania. Anasema pia huyo bwana hataki kukuachia. Nilimuuliza hataki kukuachia vipi, akasema yeye ni dereva, habari za kina hazimo kwenye mzigo.

Mzee Gundi, yule anayepaka soli, kila saa ya chai anakusanya watu na kuwaambia mkataba huu umetuuza. Anasema leo viatu, kesho ngozi, keshokutwa hata kusema bei ya jasho letu watasema wao. Zamani nilikuwa napita tu nikienda zangu. Siku hizi nakaa.

Mimi cha kwao sinunui. Kandambili zangu za tairi zinanitosha. Tangu nianze kuchonga, kalibu zangu, hiyo miguu ya mti ya kushonea viatu, zimevalishwa viatu vya watu wangapi, na mimi bado naburuta tairi, wala sijalalamika.

Mvua ikinyesha, kimbia. Si mbali.

Kimya


Tarehe 18, mwezi wa tatu

Kimya,

Upendeleo wa kwenye mkataba si wa watu. Maana yake kiatu cha kwetu kikifika mpakani hakilipi ushuru ambao kiatu cha nchi ya mbali kinalipa. Na cha kwao kwetu vivyo hivyo. Basi. Hakuna mwavuli humo ndani.

Leo sina nafasi ya kuandika marefu, lakini nina ombi. Nichongee kalibu pea moja za mguu wa mwanamume, namba arobaini na tatu. Kalibu za huku ni za plastiki, zote sura moja, na huu mguu si wa sura moja na mingine. Kidole cha pili kimekipita kidole gumba. Upinde uko juu, ukikanyaga na maji unaacha alama mbili tu, ya mbele na ya kisigino. Vidole vimetanuka kama vya mtu aliyekua bila viatu, kwa hiyo mbele uachie nafasi ya kutosha. Nimekuchorea hapa pembeni, mimi si mchoraji, mguu umefanana na kiazi.

Nitavishona mwenyewe, kwa mkono wangu, baada ya saa za kazi. Usiniulize ni vya nani. Na Bosi usimwambie.

Nukta


Tarehe 1, mwezi wa nne

Nukta,

Kalibu zako hizo, zimo kwenye gunia. Namba arobaini na tatu kama ulivyotaka. Huku hakuna jipya.

Kimya


Tarehe 1, mwezi wa nne
(Hii haikwenda. Ilikaa kwenye sanduku la patasi.)

Nukta,

Nimekaa na hiyo karatasi yako wiki mbili. Kwa mkono wako, baada ya saa za kazi. Miaka mitano tunafanya kazi chumba kimoja, hukuwahi kushona cha mtu baada ya saa za kazi. Ulikuwa unasema kengele ikilia sindano nayo ina haki ya kulala.

Na umeuangalia mguu wake mpaka alama za maji umezijua. Mtu unauonaje mguu wa mtu umelowa, kama si kwamba yuko peku mbele yako? Hilo ndilo lililonikalisha. Mguu wenyewe mguu gani, kidole cha pili kinachungulia mbele kama jirani mbea. Ukimwona mtu wa mguu huo unajua tu kwamba ana kiburi.

Mti nilichagua mzuri, hapo sikuweza kujizuia, mkono unakataa kushika mti mbaya. Urefu nimetoa sawa, upinde sawa, kisigino sawa. Halafu nikachukua tupa. Pale uliposema niachie nafasi, nimenyoa. Nimenyoa kulia, nimenyoa kushoto, nikapiga msasa mpaka ukipitisha kiganja hujui. Atavaa mbele yako atatabasamu. Akifika hatua ya kumi, vidole vitaanza kuulizana nani atoke.

Jambo la pili. Mzee Gundi ameandika barua ya kumtaka Bosi aitoe karakana kwenye mkataba. Jina langu ni la kumi na saba. Bosi ananiamini kwa sababu siongei, na Mzee Gundi alisema jina la mtu asiyeongea lina uzito kuliko yote. Barua inasema ajira, inasema soko, inasema heshima ya fundi. Mengine humo ni ya kweli, namwona Mjomba kila siku. Lakini mimi sikutia jina kwa ajili ya hayo. Nilitia kwa ajili ya mwavuli. Mkataba ukivunjika, lori litarudi na wewe.

Hii siwezi kukutumia.

Kimya


Tarehe 15, mwezi wa nne

Kimya,

Kalibu nimezipokea. Nimezipima kwa uzi, mara mbili. Wewe kwenye mti hukosei, hilo nimelijua miaka mitano.

Dereva anasema kuna barua ya kupinga mkataba na jina lako limo. Nimemwambia anaongopa. Anaongopa?

Kama umetia jina kwa ajili ya Mjomba, sitasema neno, na nikirudi nitakaa naye mlangoni pake tupinge wote. Lakini ujue barua hiyo ikishinda inafunga nini. Huku kuna mashine saba zinazofanya kazi kwa sababu ya ngozi ya kwetu. Mama Mkasi anakaa kwenye mojawapo. Kwetu nako utarudi kuchonga siku tatu, siku nyingine unazurura na mikono mifukoni. Nami nitarudishwa kama boksi lenye kasoro. Sitaki kurudi kwa njia hiyo. Nataka kurudi najua mashine ya soli, Bosi anunue moja, na siku moja karakana iwe na jina lake yenyewe kwenye soli.

Nijibu lile swali moja tu.

Nukta


Tarehe 26, mwezi wa nne

Kimya,

Fungua boksi kwanza, halafu usome.

Sasa unaruhusiwa kuuliza ni vya nani. Ni vyako. Umechonga miguu ya mji mzima na wewe unatembea na tairi, nikasema siku ya kwenda kwa mama yangu kuzungumza habari zetu hutakwenda na tairi. Kabla sijasafiri, mchana mmoja ulitoka kuteka maji, ukaacha nyayo kwenye vumbi la mbao. Niliweka karatasi nikazifuata kwa kalamu. Karatasi ninayo, sikukutumia kwa sababu nilijua ungeutambua mguu wako. Nikakuandikia namba tu, kwa hesabu ya huku, nimeshaizoea.

Vaa. Tembea kutoka benchi lako mpaka getini. Halafu uniandikie vimekukaaje. Uniandikie kweli.

Nukta


Tarehe 28, mwezi wa nne

Nukta,

Lori halijafika, litafika kesho, lakini naandika leo kwa sababu nikingoja kesho nitaogopa tena.

Dereva haongopi. Jina langu lilikuwemo. Alhamisi Bosi alileta afisa wa biashara, mama mwenye miwani, aje atusikilize. Alikaa juu ya boksi akakataa kiti. Alikuja na karatasi kubwa yenye safu mbili, na ukuta uliokuwa wazi ni wa juu ya benchi langu tu, ikabandikwa hapo. Akaeleza kwamba namba zao za viatu na zetu hazilingani, maboksi yanarudishwa kila mwezi kwa sababu hiyo, na mkataba unataka kila boksi liandikwe namba zote mbili.

Mzee Gundi akaanza kusoma barua. Mimi nilikuwa nasoma ukuta. Nilipofika kwenye 43 yao, pembeni yake pameandikwa 41 yetu.

Nikamnong'oneza Dereva, aliyekuwa bado hajaondoka na mzigo, Ngazi anavaa namba gani. Akasema Ngazi havai viatu, anavaa mitumbwi miwili. Basi nikajua si yeye. Nikawa nafikiria wanaume wa arobaini na moja ninaowafahamu. Nilikuwa nimevua kandambili, unajua kazini napenda kukanyaga chini, na vumbi la mbao lilikuwa jingi kwa sababu ya kalibu za oda. Nikainamisha kichwa kwa aibu tu, bila kutafuta kitu. Nikaona nyayo zangu. Alama mbili, ya mbele na ya kisigino. Na kile kidole cha pili.

Nukta, nilihisi kama nimeitwa jina langu na mtu aliye nyuma.

Hapo hapo Mzee Gundi akasema, tumsikie na Kimya, maana huyu hasemagi, akisema ujue limemfika. Wote wakageuka. Nilishika benchi. Nikasema, "Jina langu nilitia kwa wivu. Lifuteni." Karakana nzima wakashika mbavu. Mzee Gundi akanitazama, akasema hata wivu wangu umeishia darasa la nne. Nikangoja wamalize kucheka. Halafu nikasema tena, na sijui sauti ilitoka wapi, "Lakini kama kuna mtu wa kupingia, pingeni kwa ajili ya Mjomba wangu. Mimi mkataba umenipa kazi ya wiki nzima. Yeye umempa nini?"

Hakuna aliyecheka. Afisa aliandika. Akaniuliza Mjomba anafanya nini, nikamwambia, akaandika tena. Sijui huwa wanayapeleka wapi wanayoandika. Barua ya Mzee Gundi Bosi ameichukua. Amesema atajibu kila mstari lakini karakana haitoki.

Zile kalibu, kama hujazitumia, usizitumie. Nimekumbuka mti ulikuwa na ufa mdogo. Nitakuchongea nyingine haraka.

Kimya


Tarehe 12, mwezi wa tano

Nukta,

Boksi lilifika asubuhi ile ile niliyompa Dereva barua yangu. Alinipa boksi kwa mkono mmoja akapokea barua kwa mwingine, sikuwa na njia.

Nilifungua nyuma ya rundo la mbao. Sijawahi kuona mshono kama huo. Kwenye ulimi wa kiatu umeweka nukta mbili nyekundu, ndani, mahali ambapo hapaonwi na mtu. Nikanawa miguu ndipo nikavaa.

Urefu, sawasawa. Kisigino, kama nimezaliwa nacho. Nikatembea kutoka benchi langu kwenda getini kama ulivyosema. Ni hatua arobaini na mbili. Ya kumi nilikuwa tayari nalia, machozi kabisa, na msichana wa lebo akauliza kama kuna msiba. Nilifika getini nikarudi, sikuvua, kwa sababu niliona ndivyo inavyotakiwa.

Barua ya kwanza niliandika kwamba vimenikaa vizuri, ahsante. Nikaichana. Ya pili niliandika habari za ufa kwenye mti. Nikaichana nayo. Mti haukuwa na ufa. Ndani ya bahasha hii nimetia barua nyingine, ya tarehe moja mwezi wa nne, ambayo sikukutumia. Isome hiyo kwanza ndipo uamue kama hii unaimaliza.

Nilimchongea Ngazi. Mtu ambaye sijamwona, ambaye kosa lake ni urefu na mwavuli. Nilitaka aumie halafu asijue ni nani. Nikifikiria hivyo, vidole vinaniuma hata nikiwa nimevua.

Mjomba ana chuma chake cha kutanulia viatu. Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa, akasema nimpe siku mbili vitaingia. Nimekataa mpaka wewe useme. Mjomba mwenyewe sasa Bosi amemwita, maboksi yanayorudishwa na kasoro ndogo ndogo anayatengeneza yeye, siku mbili kila wiki, kwenye kona ya dirishani. Si kitu kikubwa. Ila mikono imetoka mapajani.

Kiti chako bado ninakitetea. Kama umeamua vingine, mwambie Dereva tu, usijisumbue kuandika.

Kimya


Tarehe 26, mwezi wa tano

Kimya wangu,

Nilijua.

Zilipofika nilizipima kwa uzi nikazilinganisha na ile karatasi ya nyayo. Urefu ulizidi, na kosa hilo lilikuwa langu, nilikuandikia namba ya huku nikasahau kukwambia. Nikakata nyuma kwa msumeno, nikapiga msasa, nikachonga kisigino upya. Upana haukuwa kosa. Mikwaruzo ya tupa yako naijua, una mkono wa kushoto, inalala upande wake hata ukiificha kwa msasa.

Nilikaa nazo siku mbili. Kwanza nilicheka. Halafu niliogopa. Nilijiambia, huyu ameweza kumtengenezea mtu maumivu, akayalainisha kwa msasa, akaniandikia "huku hakuna jipya". Siku nikimuudhi mimi, atanichongea nini?

Kuna jambo na mimi nililificha. Ngazi aliniomba nibaki miaka miwili niwafundishe, Bosi alikubali, ikabaki neno langu. Ndiyo maana ya ile "hataki kukuachia" ya Dereva. Nikasema nitashona kama alivyochonga, upana siugusi, nione ataandika nini. Ungeniandikia vimekukaa vizuri, ningebaki. Ile ya ufa kwenye mti iliponifikia nilikuwa nimeshashika kalamu ya kutia sahihi. Nikasema ningoje lori moja zaidi.

Na lingine. Ngazi ni mume wa Mama Mkasi. Ndiye yule askari wa mpakani. Mwavuli ni wa mkewe, mimi nilikuwa napita chini yake nikitoka naye, na kweli, nilikuwa nalowa. Ningeweza kukwambia tangu barua ya kwanza. Uliuliza ni wa namna gani, hukuuliza ni wa nani, na mimi nikafurahia kidogo kuona unahangaika. Hilo ni kosa langu la pili, nimelihesabu.

Nimewaambia sibaki. Mama Mkasi atakuja kwetu badala yake, miezi minne, awafundishe mashine ya soli Bosi akiinunua. Hii inaruhusiwa, mkataba unapitisha hata mafundi. Nimemwambia visu viko chini ya mito.

Nitavuka na lori la tarehe tisa, nitakaa mbele na Dereva. Uje mpakani. Mwambie Mjomba asivitanue bado, nataka nikuone ukitembea kutoka kwenye kizuizi mpaka mlango wa lori, hatua zote. Ulidhani unamchongea mtu, Kimya, umejichongea. Kwenye begi nina mti wa huku, mwepesi, umekauka vizuri. Utachonga pea nyingine, na safari hii sitakutajia namba. Mguu unao.

Kandambili zako zibebe mkononi. Za kurudia nyumbani.

Nukta